Québec, Geneva au Nairobi? Mizani ya mkutubi Mfaransa anayetaka kufanya kazi ng'ambo

Mkutubi wa Ufaransa anayefikiria kuhama hukwama pale pale kila mara. Elimu anayo: pengine shahada ya uzamili ya Enssib, chuo cha taifa cha wakutubi pale Villeurbanne, pengine amepita INTD, chuo cha wataalamu wa nyaraka na taarifa cha Paris, pengine ni mtunza nyaraka aliyetoka École nationale des chartes, shule ya tangu 1821. Uzoefu anao. Kutoka anataka. Ila mbele yake kuna milango zaidi ya mmoja, na kila aliyepita mlango fulani anausifia huo huo kana kwamba mingine imejengwa ukutani kwa mapambo.

Nalinganisha hapa milango mitatu. Wa kwanza ni Québec, kule Kanada. Wa pili ni Geneva na viunga vyake. Wa tatu ni taasisi za Ufaransa zenyewe zilizo nje ya nchi: shule, vituo vya utamaduni, vituo vya utafiti. Huu wa tatu uko katika miji mingi duniani. Nitachukua Nairobi kama mfano, maana wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu mji huo, na wapo wenzetu kutoka Bukavu, Bujumbura au Mombasa waliosomea fani hii Ufaransa ambao swali hili linawahusu moja kwa moja.

Jambo moja litangulie. Ufaransa, katika sekta ya umma, cheo hutangulia kazi. Unafanya mtihani wa kushindania nafasi, ule wanaouita concours, unafaulu, unapewa daraja, ndipo habari ya meza na ofisi inafuata. Ukishavuka mpaka, utaratibu huo unakuwa na maana kwa wachache sana. Huko hakuna anayeajiri daraja. Anaajiriwa mtu wa kujaza nafasi hii, kwa mkataba huu, kwa sababu anajua kufanya hili. Wengi wanaoumia katika kuhama ni wale waliodhani cheo kinasafiri pamoja na mizigo.

Vigezo

Kila mlango nitaupima kwa mambo matano yale yale. *Karatasi*: nani ana haki ya kufanya kazi huko, na kwa muda gani. *Cheti na cheo*: shahada yako itasomwaje na mwajiri. *Kazi yenyewe*: utashika nini, kwa mfumo upi, kwa lugha ipi. *Mfuko*: kinachobaki baada ya kodi, pango na bima, pamoja na siku za likizo, kwani likizo nayo ni sehemu ya malipo. *Kurudi*: mambo yakienda kombo, au ukikumbuka tu kwenu, unarudia wapi.

Hicho cha tano watu hukiweka mwisho. Mimi ningeanza nacho, kwa sababu jibu lake hupatikana Ufaransa kabla hujafunga sanduku, na kwa milango yote mitatu msingi wake ni mmoja.

Kama wewe ni mtumishi wa umma uliyethibitishwa, iwe maktaba ya manispaa, ya chuo kikuu au hifadhi ya nyaraka ya mkoa, una njia mbili. Ya kwanza ni détachement: unaazimwa kwa mwajiri mwingine, unaendelea kupanda ngazi na pensheni yako haikatiki. Ya pili ni disponibilité, yaani likizo bila malipo. Ile ya sababu binafsi hutolewa kwa miaka isiyozidi 5 na kuongezwa, lakini jumla isizidi miaka 10 katika utumishi wako wote.  Ukifanya kazi katika kipindi hicho unaweza kuhifadhi haki ya kupanda ngazi kwa miaka isiyozidi 5, mradi upeleke ushahidi wa kazi hiyo. Hati za mshahara za ng'ambo basi usizitupe. Na elewa kitu kimoja: nafasi yako yenyewe haikungojei. Utumishi wa serikali kuu, kwa mfano, hukurudisha kwenye mojawapo ya nafasi tatu za kwanza zitakazokuwa wazi katika daraja lako. Uliondoka Nantes, unaweza kurudishwa kwingine kabisa.

Walio sekta binafsi, kama wataalamu wa nyaraka na taarifa wa mabenki, viwanda vya dawa au ofisi za mawakili, hawana mto laini namna hiyo. Wana congé sabbatique, likizo ndefu bila malipo, kwa kawaida miezi 6 hadi 11. Haitoshi hata kumaliza mwaka mmoja wa mkataba. Wao kwa kweli huacha kazi.

Québec

*Karatasi.* Mfaransa wa miaka 18 hadi 35 anaweza kujaribu mpango wa vijana wa Kanada unaompa kibali cha kazi cha hadi miezi 24, bila kufungwa kwa mwajiri mmoja. Majina huingizwa kwenye kapu na kuchaguliwa kwa bahati, kwa hiyo usiache kazi kabla ya jibu. Kukaa moja kwa moja ni habari nyingine. Québec huchagua wahamiaji wake yenyewe chini ya makubaliano yake na Ottawa ya 1991, na masharti yake yamegeuzwa mara nyingi. Njia iliyopendwa na Wafaransa wengi waliokwisha kufanya kazi huko, PEQ, ilifungwa Novemba 2025. Rafiki aliyehamia 2018 akikueleza “ni rahisi tu”, msikilize kwa adabu, kisha usome masharti ya mwaka huu.

*Cheti na cheo.* Hapa ndipo Mfaransa anaposhangaa. Québec, bibliothécaire ni mtu mwenye shahada ya uzamili ya fani hii, kwa kawaida ile ya EBSI, shule ya ukutubi katika Université de Montréal, au ya McGill, zote mbili zikiwa na ithibati ya chama cha maktaba cha Marekani, ALA. Chini yake yuko technicien en documentation, mwenye stashahada ya miaka mitatu ya cégep, chuo cha kati cha kule. Mstari kati ya hao wawili haurukwi kwa uzoefu pekee. Ufaransa, mtihani wa bibliothécaire unafunguliwa kwa mwenye shahada ya kwanza. Mtu anaweza kuwa na cheo hicho kwa miaka kumi, akafika Montréal na kuambiwa kuwa kwa cheti chake nafasi inayomfaa ni ya fundi. Mwenye uzamili yuko salama zaidi, ila waajiri wengi watataka tathmini ya kulinganisha masomo inayotolewa na wizara ya uhamiaji ya Québec. Iombe mapema. Makubaliano ya Ufaransa na Québec ya 2008 kuhusu kutambuana sifa yanahusu kazi zinazosimamiwa kisheria, na ukutubi haumo.

*Kazi yenyewe.* Mkatalogi wa Kifaransa atajiona nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja. Chukua rekodi moja ya kitabu. Ufaransa wanatumia UNIMARC, muundo wa rekodi ambamo kila taarifa ina uga wenye namba yake: ISBN inakaa uga wa 010, jina la kitabu 200, mwandishi mkuu 700, mada 606. Québec wanatumia muundo mwingine, MARC 21: ISBN 020, jina 245, mwandishi mkuu 100, mada 650. Kwa macho ni kubadilisha namba tu. Mtego uko kwenye 700: katika MARC 21 uga huo upo pia, lakini ni wa mchangiaji wa ziada, mfasiri au mhariri kwa mfano. Vidole vilivyozoea UNIMARC vitamweka mwandishi pale bila kufikiri, mfumo utapokea bila kulalamika, na rekodi itatoka ikiwa haina mwandishi mkuu. Wanaohamia huko hubandika karatasi ndogo pembeni ya kioo cha kompyuta kwa wiki za mwanzo, na si aibu.

Upande wa mada, kinyume chake, Mfaransa anakutana na babu yake. RAMEAU, orodha ya vichwa vya mada inayotumiwa Ufaransa, ilijengwa kuanzia 1980 juu ya orodha ya Université Laval ya Québec, RVM, iliyoanza 1946 na ambayo nayo ilitokana na ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa hiyo mantiki ya kuunganisha mada, mahali na kipindi ataijua tayari.

Kwa watunza nyaraka tofauti ni kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ni sababu nzuri ya kwenda. Sheria ya nyaraka ya Québec ya 1983 inazitaka taasisi za umma ziwe na ratiba ya uhifadhi: kila aina ya hati inakaa muda gani ofisini, muda gani pembeni, kisha inaharibiwa au inatunzwa milele. Mtunza nyaraka yumo tangu jalada linapofunguliwa. Aliyechoka kuletewa makasha yaliyokwisha kuota ukungu, akitakiwa ayapange baada ya wenyewe kustaafu, atapumua.

Taasisi kubwa ni BAnQ, maktaba na hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Québec, ambayo Grande Bibliothèque yake ilifunguliwa Montréal 2005 na kuunganishwa na nyaraka za taifa mwaka uliofuata. Kaunta ni ya Kifaransa, lakini katika Montréal Kiingereza kitakufuata hadi mezani kwako.

*Mfuko.* Mishahara ya taasisi za umma imeandikwa kwenye mikataba ya vyama vya wafanyakazi na yeyote anaweza kuisoma. Soma kabla ya usaili. Likizo ndiyo inayouma: sheria inatoa wiki 2 baada ya mwaka mmoja na wiki 3 baada ya miaka mitatu, wakati Ufaransa ni 5 tangu mwanzo. Vyama vyenye nguvu hupata zaidi. Kodi unajaza fomu mbili, ya Kanada na ya Québec. Kwa matibabu, makubaliano ya hifadhi ya jamii kati ya Ufaransa na Québec yanaweza kukuondolea miezi ya kungoja bima, lakini fomu unaichukua kwenye bima yako ya Ufaransa kabla ya kupanda ndege. Na ukitafuta nyumba Montréal jua kwamba mikataba mingi huisha Juni 30. Julai 1 mji mzima unabeba majokofu ngazini.

*Kurudi.* Ni mbali, na tiketi ya familia nzima si ndogo. Ila miaka uliyochangia pensheni kule inajumlishwa na ya Ufaransa katika kuhesabu haki zako.

Panamfaa mwenye uzamili asiyezidi miaka 35, mtunza nyaraka anayetaka kushika kazi kuanzia chanzo, na yeyote anayekubali kuanza upya bila kinyongo.

Geneva

*Karatasi.* Kwa mwenye pasipoti ya Ufaransa hakuna mlango mwepesi kama huu. Makubaliano ya Uswisi na Umoja wa Ulaya kuhusu uhuru wa kusafiri na kufanya kazi yanatumika tangu Juni 2002. Mkataba wa mwaka au zaidi unakupa kibali B cha miaka 5, mfupi zaidi unakupa L, na ukibaki kuishi upande wa Ufaransa unapata G, kibali cha mfanyakazi wa mpakani. Haki hii inafuata uraia. Mwenye kadi ya ukaazi ya Ufaransa na pasipoti ya Kongo au Kenya haimhusu, hata kama shahada yake ni ile ile.

*Cheti na cheo.* Uswisi ya Kifaransa ina ngazi zake: mwanagenzi anayepata cheti cha CFC kama agent en information documentaire, halafu shahada ya kwanza ya HEG, chuo cha kitaaluma cha Geneva, halafu uzamili. Shahada za Ufaransa zinajulikana vizuri, hakuna wa kukuuliza Enssib ni nini. Linalowaangusha Wafaransa ni bahasha ya maombi.

Mwajiri wa Uswisi hataki wasifu na barua tu. Anataka faili kamili: wasifu, barua, nakala za vyeti, na cheti cha kazi kutoka kwa kila mwajiri uliyepitia. Sheria ya Uswisi inampa mfanyakazi haki ya cheti kinachoeleza alichofanya, jinsi alivyokifanya na mwenendo wake. Cheti cha kazi cha Ufaransa kwa kawaida ni mistari michache: jina, cheo, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Ukikiweka kwenye faili, msomaji wa Geneva anaweza kudhani mwajiri wako hakuwa na jema la kusema. Na vyeti vya kwao vina lugha ya mafumbo. Aliyeandikiwa kuwa alifanya kazi “à notre pleine et entière satisfaction” amesifiwa kweli. Aliyeandikiwa “à notre satisfaction” peke yake amepunguziwa. Asiyetajiwa kabisa uhusiano wake na wakubwa, wasomaji wataanza kukisia. Dawa yake ni kumwomba mkuu wako wa sasa barua ya ukurasa mmoja inayoeleza majukumu na ubora wa kazi, na kumweleza kwa nini unaihitaji. Mwombe kabla hujaaga, wakati bado mnakunywa kahawa pamoja.

*Kazi yenyewe.* Geneva ni miji miwili ndani ya mmoja. Kuna Geneva ya Waswisi: Bibliothèque de Genève, chuo kikuu, maktaba za manispaa. Hapa pia ni MARC 21, na tangu Desemba 2020 maktaba nyingi za vyuo nchini zinatumia jukwaa la pamoja la swisscovery. Jirani zao wa kantoni ya Vaud, yaani jimbo la Lausanne, wana mtandao wao, Renouvaud. Kisha kuna Geneva ya mashirika: Umoja wa Mataifa, WHO, ILO, Msalaba Mwekundu, na CERN pale mpakani. Maktaba ya Palais des Nations, makao ya Umoja wa Mataifa mjini humo, ilijengwa kwa zawadi ya John D. Rockefeller Jr. ya 1927, na humo mna nyaraka za Shirikisho la Mataifa zilizoingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Mfaransa huvutiwa na Geneva hii ya pili, kwa haki, lakini aifuate akiwa macho: Kiingereza ni lazima, mikataba ni mifupi, na tangu 2025 mashirika mengi ya mji huo yamekuwa yakipunguza watu kwa kukosa fedha.

*Mfuko.* Kima cha chini cha mshahara Geneva kinapita faranga 24 kwa saa; hapo unaanza kuelewa kwa nini treni za asubuhi zimejaa. Lakini fanya hesabu yote. Wiki ya kazi huzidi saa 40 mara nyingi, na likizo ya kisheria ni wiki 4. Bima ya afya hailipwi kupitia mwajiri: kila mtu mzima ananunua yake kila mwezi, na mtoto naye ana ya kwake. Nyumba ni adimu, na mwenye nyumba atakudai hati ya ofisi ya madeni inayoonyesha kuwa hudaiwi.

Ndiyo maana wengi hukaa Annemasse, Saint-Julien au Ferney-Voltaire na kuvuka kila siku. Léman Express, iliyofunguliwa Desemba 2019, imerahisisha mambo kwa walio njiani mwake. Mfanyakazi wa mpakani ana miezi 3 ya kuchagua bima ya Uswisi au ya Ufaransa, na kwa kawaida uamuzi huo haubatilishwi, kwa hiyo usiufanye foleni ikikusukuma. Kodi inategemea kantoni. Ukifanya kazi Geneva, inakatwa huko huko kwenye mshahara, na Geneva inairudishia mikoa jirani ya Ufaransa, Ain na Haute-Savoie, asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara kwa makubaliano ya 1973. Ukifanya kazi Lausanne, katika kantoni ya Vaud, na kurudi nyumbani kila jioni, unalipa Ufaransa. Umbali wa safari ya treni fupi unageuza bajeti ya nyumba nzima.

*Kurudi.* Kwa mwendo ni karibu; kwa usalama wa kazi ni kwingine. Kinga dhidi ya kuachishwa ni nyembamba kuliko Ufaransa, na daraja la kudumu halipo. Mkazi wa mpakani akipoteza kazi kabisa, kwa kanuni za sasa analipwa mafao na Ufaransa.

Panamfaa aliye tayari maeneo ya Lyon, Annecy au Bourg-en-Bresse, anayependa pesa yake ionekane, na asiyetetemeka akisikia neno mkataba.

Nairobi na taasisi za Ufaransa ng'ambo

*Karatasi.* Ukienda kwa détachement, au kwa kujitolea kunakolipwa katika ubalozi na idara zake, V.I.A, utaratibu wa kuingia husimamiwa kwa kiasi kikubwa na taasisi. V.I.A ni ya wenye miaka 18 hadi 28, kwa miezi 6 hadi 24. Ukiajiriwa kwa mkataba wa kienyeji Kenya, unahitaji kibali cha daraja D, ambacho mwajiri anakiombea akieleza kwa nini hakupata Mkenya. Swali lake ni la haki: Kenya ina wakutubi wengi waliosoma vizuri. Mwenza wako anayeingia kama mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi kwa pasi hiyo. Jambo hili limevunja mipango ya familia nyingi kuliko malaria.

*Cheti na cheo.* Huu ndio mlango pekee kati ya mitatu ambao cheo cha Ufaransa kinapita nacho mlinzi akakipigia saluti. Shule za mtandao wa AEFE, shirika la shule za Ufaransa ng'ambo lililoundwa 1990, zinafuata mtaala wa Ufaransa na zinahitaji professeur documentaliste, yaani mwalimu mkutubi, kwa vituo vyao vya maktaba. Mwenye CAPES, cheti cha ualimu wa sekondari, ya fani hiyo, inayotolewa tangu 1989, ana faida ya wazi. Nairobi shule hiyo ni Lycée Denis Diderot. Mkutubi wa kawaida asiye mwalimu ana nafasi chache zaidi: maktaba za Alliance française, vituo vya utamaduni, na vituo vya utafiti kama IFRA Nairobi, taasisi ya Ufaransa ya utafiti Afrika.

*Kazi yenyewe.* Sahau idara yenye watu thelathini. Mara nyingi ni wewe, msaidizi mmoja na chumba kimoja. Asubuhi unapokea darasa la watoto wa miaka kumi na moja, mchana unafuatilia makasha ya vitabu yaliyokwama forodhani, jioni kuna mwandishi anayezungumza na viti havitoshi. Anayependa ukatalogi wa kina atakauka. Anayependa watu atanenepa. Usajili wa majarida hupungua mwaka hadi mwaka, na jukwaa la Culturethèque, maktaba ya kidijitali ya Ufaransa kwa ng'ambo, linachukua nafasi ya rafu.

Kiswahili hapa si pambo. Mfaransa aliyejifunza lugha hiyo INALCO, chuo cha lugha cha Paris, au aliyezoea rafu za Afrika za BULAC, maktaba ya lugha na tamaduni pale pale Paris, ataelewana na mtunzaji wa jengo, mzazi na mtafiti, na atajua kumwita mzee “mzee” na dada wa mapokezi “dada”. Kiingereza cha ofisini kinatosha kufanya kazi, hakitoshi kujua kwa nini hakuna anayekuja maktaba Jumamosi. Tena mwenye jicho la nyaraka atafaidi kuwa karibu na hifadhi ya taifa ya Kenya pale Moi Avenue.

*Mfuko.* Tofauti iko kwenye aina ya mkataba. Mtumishi aliyeazimwa anabaki na mshahara wa daraja lake pamoja na posho inayotegemea nchi. Aliyeajiriwa kienyeji analipwa kwa viwango vya hapo, na bima na pensheni ya Ufaransa ni juu yake, kwa kujiunga kwa hiari na CFE, mfuko wa Wafaransa waishio nje. Watu wawili wanaweza kukaa meza moja, kufanya kazi moja, na kutofautiana hivyo. Uliza mapema, na uliza pia ada ya shule kwa watoto wako, maana masharti hutofautiana kati ya shule na shule.

*Kurudi.* Kwa aliyeazimwa ni rahisi kuliko yote: muda una ukomo, na utumishi wake unamrudisha. Kwa aliyeajiriwa kienyeji, kila kitu kinategemea disponibilité aliyoichukua au kutoichukua.

Panamfaa mwalimu mkutubi mwenye CAPES, kijana anayetafuta uzoefu wa kwanza kwa V.I.A, na mtu wa Kiswahili anayetaka lugha zake zote zifanye kazi.

Na London je?

Wengi wataniuliza. Tangu Januari 2021 Mfaransa anahitaji viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi na mwajiri wa kumdhamini, na tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza hiyo ni pauni 41,700. Mishahara mingi ya wakutubi wa kawaida haifiki hapo. Wanaofika ni wasimamizi wa maarifa katika ofisi kubwa za mawakili na benki za City. Kama wewe ni mmoja wao, London ipo. Kwa wengine, sikuona haki kuiweka mizanini.

Kwa hali yako

Una miaka 28, uzamili mkononi, hujathibitishwa popote: ingiza jina kwenye kapu la Kanada na wakati huo huo tuma maombi ya V.I.A, kwa sababu ya pili ina ukomo wa umri unaokukaribia zaidi. Majibu yatakuamulia.

Umethibitishwa, una watoto wawili, mwenza ana kazi yake: anza na swali la mwenza. Geneva anaweza kuendelea na kazi yake upande wa Ufaransa bila kubadilisha kitu. Québec itategemea aina ya kibali chako. Nairobi anaweza kukaa bure miaka kadhaa. Ukishajua hilo, ndipo uulize mshahara wako.

Wewe ni mtunza nyaraka: Québec kwa ajili ya ufundi, Geneva kwa ajili ya makusanyo. Hapo sichagui kwa niaba yako.

Umekuwa bibliothécaire kwa shahada ya kwanza na uzoefu mrefu: kabla ya Québec, fikiria kumaliza uzamili ukiwa bado kazini Ufaransa. Uswisi watasoma zaidi vyeti vyako vya kazi, kwa hiyo barua ile ya mkuu wako ina thamani kuliko unavyodhani.

Una shahada ya Ufaransa lakini pasipoti ya kwenu: mlango wa uhuru wa kusafiri wa Geneva umefungwa, na kapu la vijana la Kanada linafuata uraia, siyo shahada. Kinachobaki wazi ni Québec kwa njia ya kawaida ya wafanyakazi wenye ujuzi, ambako Kifaransa chako kinahesabiwa, na mikataba ya kienyeji ya taasisi za Ufaransa katika nchi yako mwenyewe. Mkenya mwenye uzamili wa Enssib hahitaji kibali cha daraja D. Mwambie mwajiri hivyo katika mstari wa kwanza wa barua.

Bado hujui: kama uko maktaba ya chuo kikuu, ulizia ofisi ya uhusiano wa kimataifa kuhusu Erasmus+ ya wafanyakazi. Inaruhusu ziara ya siku 2 hadi 60 katika taasisi ya nje, mshahara wako ukiendelea. Na kama umeamua disponibilité, peleka ombi mapema. Mwajiri ana haki ya kudai hadi miezi mitatu ya taarifa, na mkataba wa Geneva au Montréal hautasubiri barua iliyokwama kwenye ofisi ya utumishi.